Kufundisha Historia kwa Siku Moja ya Mtoto

Mwalimu anayefundisha mateso ya Wayahudi chini ya Wanazi wa Ujerumani hupenda kuanza na idadi ya waliouawa, yaani watu wapatao milioni 6. Mtoto wa Rungwe hawezi kuiona idadi hiyo. Yafaa aanzie katika maisha ya kila siku.

Kwanza, wanafunzi wataje mambo wayafanyayo kwa siku: kwenda shule, kutumwa sokoni Tukuyu, kusikiliza redio, kupanda baiskeli. Mwalimu ayaandike ubaoni.

Pili, ayafute moja moja. Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule za serikali. Septemba 1939 redio zilichukuliwa. Julai 1940 Wayahudi wa Berlin waliruhusiwa kununua chakula kwa saa moja tu, kuanzia saa kumi alasiri. Septemba 1941 kila aliyetimiza miaka 6 alilazimishwa kuvaa nyota ya njano. Mwaka 1942 baiskeli nazo zilichukuliwa.

Tatu, asimulie habari za Stefanie Zweig. Baba yake, mwanasheria, alinyimwa kazi. Mwaka 1938 familia ilikimbilia Kenya, na binti huyo akakua akisema Kiswahili.

Mwalimu asiwagawe wanafunzi wakaigiza watesi na wateswa. Jambo hilo huumiza. Badala yake aulize: ni nani aliyewaambia watoto wale watoke darasani? Mara nyingi alikuwa mwalimu. Nasi tulifikiri neno hilo kabla ya kushika chaki.