Utumbo wa Mtoto Mchanga na Sumu za Bakteria

Mtu mzima akipatwa na maradhi ya kuhara, mara nyingi hupona baada ya siku chache. Mtoto mchanga aliyeambukizwa bakteria walewale aweza kuishiwa maji mwilini kwa muda mfupi sana na kufa. Takriban robo tatu ya uzito wa mtoto anapozaliwa ni maji, na akiba yake ni ndogo. Lakini sababu nyingine imo katika ukuta wa utumbo wenyewe.

Mfano mzuri ni zile aina za Escherichia coli zinazotengeneza sumu. Bakteria hao hawaupenyi ukuta wa utumbo mwembamba. Hujishikiza juu yake na kutoa sumu. Mojawapo ya sumu hizo ni protini fupi mno, yenye asidi-amino 18 au 19 tu, nayo haiharibiki hata ikichemshwa.

Sumu hiyo haina nguvu mpaka ishikwe na kipokeo kilicho juu ya seli, kama ufunguo uingiavyo katika kitasa. Kipokeo hicho kina kazi yake ya halali: hupokea guanilini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1992, inayosaidia kurekebisha maji na chumvi utumboni. Sumu ni ufunguo wa bandia. Ikishikwa, seli hutengeneza kwa wingi kemikali ya ujumbe iitwayo cGMP. Hapo kloraidi humwagwa nje ya seli, sodiamu huzuiwa kuingia, na maji hufuata chumvi kwa njia ya osmosisi. Huko ndiko kuhara.

Uchunguzi wa utumbo wa binadamu umeonyesha kwamba vipokeo hivyo ni vingi sana utotoni, kisha hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Kwa hiyo kiasi kilekile cha sumu hufungua milango mingi zaidi kwa mtoto. Tena asidi ya tumbo lake ni hafifu, hivyo bakteria wengi zaidi hupita wakiwa hai.

Hata hivyo, si kila sumu humwonea mtoto. Watoto wachanga wengi hubeba Clostridium difficile bila kuugua, ilhali bakteria huyo huwadhuru vibaya wazee waliotumia antibiotiki. Katika sungura wachanga imeonekana kwamba vipokeo vya sumu yake moja bado havijatokea. Pasipo kitasa, ufunguo haufai kitu.

Elimu hii ina manufaa. Sumu ya E. coli haiui seli, wala haiufungi mlango unaopitisha glukosi pamoja na sodiamu. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi hufyonzwa hata mgonjwa anapoendelea kuhara. Maziwa ya mama nayo huleta kingamwili zinazowazuia bakteria kujishikiza utumboni. Mtoto mchanga anayehara aendelee kunyonyeshwa, na apelekwe kwa mganga bila kukawia.