Kijana Ajifunze Kusema Habari za Kipunji

Fuateni katika vitabu vyenu ninaposoma.

Leo tutajifunza jinsi ya kumfundisha kijana kusema mbele ya watu juu ya wanyama wa porini. Mfano wetu ni kipunji.

Kwanza, kijana aanze na mambo ya kwao. Kipunji ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani. Huishi juu ya miti katika misitu ya mlima Rungwe na Livingstone, na wachache wako msitu wa Ndundulu, huko Udzungwa. Wataalamu walipata habari zake kwa wenyeji, wakamwona mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005. Wazee walikuwa wakimjua zamani, tena kwa jina. Basi kabla ya kusema, kijana akawaulize wazee.

Pili, atumie hesabu inayoeleweka. Katika hesabu iliyotolewa mwaka 2008, kipunji wote walikadiriwa kuwa 1,117. Aseme hivi: "Fikirini watu wa soko moja kubwa. Hao ndio waliokuwa kipunji wa dunia nzima wakati huo."

Tatu, asifiche ukweli. Kipunji huingia mashamba yaliyo kando ya msitu, akala mahindi. Mama aliyelima kwa jembe lake atasimama aulize, "Na wanangu watakula nini?" Kijana asimkatize wala asicheke. Amwambie, "Pole, mama. Hasara hiyo ni ya kweli." Kisha aeleze: kipunji hula majani na matunda ya msitu. Tukiukata msitu, tunamwondolea chakula chake, na mashamba yetu yanazidi kumkaribia. Tena msitu huo huo hutunza maji ya vijito tunavyochota. Mtu aliyesikilizwa naye husikiliza.

Nne, amalize kwa ombi moja tu, kwa mfano: "Tusikate miti ndani ya hifadhi." Maombi kumi husahauliwa yote njiani.

Sasa kazi ya nyumbani. Kabla ya somo lijalo, mwite mwanao au mjukuu wako. Asimame, aseme kwa dakika tano. Wewe uwe mkulima aliyeliwa mahindi, umwulize maswali magumu. Akishindwa kujibu, msirudi kulala. Litafuteni jibu pamoja.

Kwaherini.