Tulifuata Reli Isiyokuwepo

Kyela hatuna reli. Mtoto wa kwetu huiona meli Itungi kabla ya kuona gari moshi, na hana budi kufika Mbeya ndipo aione TAZARA. Basi tulipozuru Unguja pamoja na mzee mmoja wa msikiti wetu na vijana wanne wa madrasa, tuliazimia kuifuata kwa miguu njia ya reli iliyokufa, ya kutoka mjini hadi Bububu, yapata kilomita 11.

Tulianzia Ngome Kongwe baada ya Sala ya Alfajiri. Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikaanza kazi mwaka 1905. Kabla yake, Sayyid Barghash alikuwa na reli yake ya kwenda kasri la Chukwani. Gari moshi la Bububu lilipita katikati ya mji, karibu mno na milango ya watu. Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Abiria walikoma mwaka 1922, na haukupita muda mrefu ikafungwa kabisa.

Tulitafuta vyuma, hatukuviona. Reli ziling'olewa, na sehemu kubwa ya njia ikawa barabara. Malindi na Mtoni tulipita kwa kuuliza. Bububu, kijana wetu mmoja akauliza asili ya jina hilo. Muuza madafu akasema ni mlio wa gari moshi. Mzee aliyeketi kando yake akasema ni sauti ya chemchemi. Wakabishana, na hapakuwa na karatasi ya kuwaamua.

Mzee wetu akatugeukia: "Katibu, mpaka wa kiwanja chetu cha wakfu umeandikwa wapi?"

Tuliona haya. Mpaka ule waliujua wazee watatu tu, na alama zake ni mwembe na mfereji ambao mafuriko huuhamisha. Nasi tumeisoma Aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayotuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an.

Tuliporudi Kyela tuliwaita wazee wale na majirani, tukauzunguka mpaka kwa miguu, tukapima na kuandika. Jirani mmoja alipinga pembe moja. Wazee wakamkumbusha aliyeipanda miti ile, akaridhika, akatia saini.

Mmoja wa wazee wale watatu ameshatangulia mbele ya haki. Allah amrehemu. Ushahidi wake tunao, kwa mkono wake mwenyewe.