Kabla ya kushangilia "kazi ng'ambo", uliza: ni visa gani, na nani anaishikilia?

1/ Kila msimu wa siasa hapa Kajiado hii ahadi hurudi: "vijana wetu wataenda ng'ambo." Upande mmoja unapiga makofi, mwingine unasema huo ni utumwa. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa kutoka Mashuuru na huu mjadala nimeusikia mpaka nikachoka. Kuna neno moja hakuna upande unalitaja: visa. Uzi wa leo ni huo tu.

2/ Mbona najali? Baada ya ukame kupunguza mifugo, baba mkubwa aliuza ng'ombe wanne waliobaki na nguvu, soko la Emali, amlipie binamu yangu safari. Ajenti mmoja Kitengela alikuwa ameahidi kazi ya hoteli huko Ghuba. Pasipoti ikarudi na visa ya matembezi ya siku 30. "Ukifika wataibadilisha," aliambiwa. Alifika, kazi hakuna, akarudi. Ng'ombe hawakurudi.

3/ Tuanze na makubaliano, kwa sababu ndiyo hutangazwa kwa mbwembwe. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Siku hiyo hiyo watu wakaanza kusambaza "nafasi 250,000 za kazi". Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakana waziwazi: mkataba hauna idadi yoyote.

4/ Yaani mkataba si visa. Mkataba hurahisisha njia, lakini kila mtu bado anaomba visa yake mwenyewe ubalozini, na vyeti vyake, lugha yake na pesa zake. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia "tumeleta nafasi", muulize watu wataingia kwa visa gani. Visa ziko nyingi, ila mimi huzipanga kwa swali moja: haki yako ya kukaa huko iko mkononi mwa nani?

5/ Mkononi mwa mwajiri. Huu ndio mfumo wa kafala, Ghuba na Lebanoni. Kibali chako cha kukaa kimefungwa kwa bosi. Ukitoka kwake bila ruhusa anaweza kukuripoti kama mtoro, hata kama yeye ndiye hajakulipa. Saudia ililegeza masharti ya kubadilisha kazi Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Na dada zetu wengi huenda kufanya kazi gani? Hiyo hiyo ya nyumbani.

6/ Lakini msidhani ni Ghuba tu. Uingereza nayo, visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi inategemea mwajiri aliye na leseni ya kudhamini. Akinyang'anywa leseni, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Na njia ya wahudumu wa wazee na wagonjwa, ile wengi walikuwa wanaifuata, ilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Mtu akikuuzia hiyo leo, anakuuzia mlango uliofungwa.

7/ Mkononi mwa shule. Visa ya mwanafunzi ni ya kusoma. Kazi ni ya pembeni, na ina kipimo. Kanada ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Halafu kuna pesa ya kuonyesha: tangu Septemba 2025 Kanada inataka dola zake 22,895 za matumizi ya mtu mmoja, karo na nauli kando. Ujerumani ni yuro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Ukiambiwa "nenda na visa ya shule, utajilipia karo ukiwa huko", piga hesabu kwanza.

8/ Katikati kuna mafunzo ya ufundi ya Ujerumani, Ausbildung. Unasoma na unalipwa. Lakini unahitaji mkataba na kampuni kabla ya kusafiri, na kwa kawaida Kijerumani cha kiwango cha B1. Hiyo ni miezi mingi darasani, si wiki mbili.

9/ Mkononi mwako mwenyewe. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina Chancenkarte: unaingia kutafuta kazi hadi mwaka mmoja bila kufungwa kwa bosi yeyote. Iko sawa? Ndiyo, lakini unahitaji digrii au mafunzo ya miaka miwili yanayotambuliwa, lugha, pointi 6, na pesa ya kujikimu. Mnaona mtego? Kadiri visa inavyokupa uhuru, ndivyo inavyotaka mtu mwenye vyeti na akiba. Maskini hubaki na ile ya bosi.

10/ Hapa ndipo serikali yetu inaingia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inasema mkataba wa kazi ya nje lazima uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa anatakiwa ahakikishe umeelewa masharti na hukudanganywa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira nayo ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Binamu yangu hakupitia afisa yeyote. Hakuna mtu nyumbani alijua kuna kitu kama hicho.

11/ Najua pesa za diaspora zinasaidia. Mwaka 2024 ziliingia kama dola bilioni 4.9, na ziko nyumba Kitengela zilizojengwa nazo. Sisemi watu wasiende. Nasema mjadala usiishie kwa idadi.

12/ Kwa hivyo baraza lijalo, yeyote atakayeshika maikrofoni, muulizeni: Ni visa gani? Nikiacha kazi, visa inabaki? Nani ameuthibitisha mkataba? Darasa la lugha liko wapi, Kajiado au Nairobi tu?

Akianza kuzungushazungusha, usiuze ng'ombe.