TUWAANGALIE WATOTO WANAVYOCHEZA

Wakubwa wengi tunasema mchezo ni kupoteza wakati. Mtoto akichelewa kuteka maji kwa sababu ya mdako, anachapwa. Ni kweli, kazi lazima ifanyike. Lakini walezi wa watoto wa chekechea, ambao hushinda nao kila siku, huona mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni.

Tuanze na huo mdako. Watoto huchimba kishimo, wakatia vijiwe. Mchezaji hurusha jiwe moja juu. Kabla halijashuka, huvitoa vijiwe nje kwa mkono uleule, halafu hudaka lile jiwe. Akirusha tena, huvirudisha vijiwe shimoni, akabakiza kimoja tu nje. Baadaye hubakiza viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Akikosea hesabu, au jiwe likimponyoka, humpisha mwenzake. Hakuna anayemwambia aache kabisa. Zamu yake ikirudi, anaanzia pale pale aliposhindwa.

Sasa tujiulize sisi tuliohitimu kisomo. Ni wangapi tumeacha kuandika kwa kuogopa kuchekwa? Mtu anaitwa kutia sahihi kwenye ushirika, anaweka dole gumba, kumbe jina lake anajua kuliandika! Anaogopa herufi zitapinda. Kalamu isiposhikwa mwaka mzima, herufi nazo zinasahaulika. Mwisho wake stakabadhi ya pamba yake anasomewa na mtu mwingine, naye anakubali kila analoambiwa. Hiyo ni hasara ya fedha, siyo aibu tu.

Kuna kombolela pia. Mtoto mmoja hulinda kopo, wengine hujificha. Akimwona mtu humtaja jina, na huyo amekamatwa. Lakini hata wakikamatwa tisa, wa kumi akitoka mbio akalipiga kopo teke, wote wamekombolewa. Mara nyingi huyo wa kumi ni kale kadogo ambako hakuna aliyekadhania. Katika mikutano yetu ya kijiji, jamani, tunawasikiliza walewale watatu kila mara.

Mpira wa matambara wote tunaujua. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, watoto hawakukaa kulalamika. Wanafunga matambara kwa kamba za migomba na mchezo unaendelea.

Mchezo mgumu kwetu ni ule wa baba na mama. Watoto wanapika udongo kwenye vifuu. "Baba" anarudi kutoka kilabuni akipepesuka, anafoka, "Chakula kiko wapi?" "Mama" anajikunja na kuficha uso kabla hata mkono haujainuliwa. Wenzao wanacheka, lakini mlezi hawezi kucheka. Hakuna aliyewafundisha maneno yale. Wameyasikia usiku, wakati sisi tunadhani wamelala.

Mlezi akiona hivyo, asimkemee mtoto wala asitangaze nyumba ya watu. Huenda mtoto ameiga ya jirani. Lakini kama mchezo huohuo unarudi kila siku, na mtoto ni yuleyule, ni vizuri azungumze na wazazi kwa faragha. Mara nyingine huonekana mambo mema pia. Utamwona "baba" anambeba mtoto wa kibunzi mgongoni huku "mama" anapalilia. Hilo nalo kaliona mahali.

Mchezo ni haki ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema hivyo katika kifungu cha 31, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Basi mtoto akishateka maji, mwachie jioni yake.

Na wewe baba, siku moja kaa chini ya mwembe uwaangalie wanao. Kaa mbali kidogo. Wakikuona watasimama, watakuamkia "Shikamoo", na mchezo utakuwa umekwisha.