Sauti Ile Haikuwa Yake

Akina mama wenzangu, uchaguzi unapokaribia tumezoea kusikia majina ya watu yakichafuliwa. Habari za fedha na ulevi tunazisikia, tunaguna, tunasahau. Lakini liko neno moja ambalo mama Mkristo hulishika moyoni, nalo ni kuambiwa kwamba fulani hamjui Mungu. Wanasiasa wanalijua hilo. Tazameni yaliyotokea Marekani, katika jimbo la North Carolina, mwaka 2008.

Wanawake wawili waligombea kiti kimoja cha Seneti. Mwenye kiti alikuwa Elizabeth Dole, Mmethodisti, aliyepata kuwa rais wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi hiyo. Mpinzani wake alikuwa Kay Hagan, mama wa watoto watatu, mzee wa kanisa la Presbiteri mjini Greensboro, aliyewahi kufundisha shule ya Jumapili.

Siku chache kabla ya kura, upande wa Dole ulitoa tangazo la televisheni. Lilionyesha watu wa kundi moja la wasioamini Mungu, kisha likasema Hagan amechukua fedha zao. Mwishoni ikaja picha ya Hagan, na papo hapo sauti ya mwanamke ikasema, "Hakuna Mungu." Sauti ile haikuwa ya Hagan. Lakini mama anayepika jikoni huku televisheni ikisema sebuleni angejuaje?

Chembe ya kweli ilikuwemo. Hagan alikuwa amehudhuria hafla ya kumchangia fedha huko Boston, nyumbani kwa mtu aliyekuwa mshauri wa kundi hilo. Sumu tupu mtu huitema. Ikitiwa ndani ya maziwa, anaimeza. Sisi wauguzi hufundishwa kusoma lebo ya dawa mara tatu kabla ya kumpa mgonjwa. Na tangazo lile lilikuwa na lebo, maana sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inamtaka mgombea atamke kwa kinywa chake kwamba amelikubali tangazo lake.

Hagan alifungua kesi ya kukashifiwa. Akatoa pia tangazo lake, akisema anamwamini Mungu, na kwamba kampeni si mahali pa kuwashuhudia uongo Wakristo wenzetu. Tarehe 4 Novemba alishinda kwa asilimia 53 hivi dhidi ya 44. Obama naye alishinda jimbo hilo mwaka huo, kwa hiyo tusiseme ni tangazo pekee lililomwangusha Dole.

Mimi nimebaki na maneno hayo mawili: "Wakristo wenzetu." Hagan, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini je, kama angekuwa Mwislamu, au kama kweli hakuamini, ingekuwa halali kumtilia maneno kinywani? Amri inamtaja jirani. Haikuuliza jirani huyo anasali wapi. Wodini hatumwulizi mtu dini yake kabla ya kumfunga kidonda, na damu yake hatuioni tofauti.

Nasema haya kwa sababu nimetusikia wenyewe, tukitoka ibadani na watoto tumewashika mkono: "Yule usimpe kura, si mwenzetu." Mtoto anasikia. Jumatatu anakwenda shuleni, na anayekaa naye dawati moja ni mtoto wa "yule".