Kuhifadhi Biskuti za Sikukuu Zisiharibike

Mtahiniwa, swali la uhifadhi wa vyakula vilivyookwa huonekana jepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama hapa. Huandika "weka mahali pakavu" au "funika vizuri", kisha huhamia swali linalofuata. Swali likisema "eleza", hukutakiwa kutaja tu. Umetakiwa kutoa sababu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, nyumbani Tanga, mama alioka biskuti siku tatu kabla ya Idi, nami nikaagizwa kuzipanga kwenye ndoo ya plastiki. Kwa haraka zangu nikazifunika zingali za moto. Asubuhi ya Idi wageni walikaribishwa biskuti laini kama mkate uliolala. Siagi, unga na sukari ya kujibana mwezi mzima vilipotelea hapo. Mama hakukosea kuoka. Mimi nilishindwa kungoja zipoe.

Mambo yanayoharibu biskuti

(a) Unyevu. Biskuti iliyookwa vizuri ina maji machache sana, kwa kawaida yasiyofika asilimia 5. Sukari na unga uliokauka huvuta maji kutoka hewani, na biskuti hulainika. Ndiyo maana biskuti iliyoachwa wazi Tanga au Unguja hulainika upesi kuliko ile iliyoachwa wazi Dodoma wakati wa kiangazi. Unyevu ukizidi, kuvu nayo hupata nafasi ya kuota.

(b) Oksijeni, mwanga na joto. Biskuti ina siagi au mafuta mengine. Oksijeni ya hewani huungana na mafuta hayo polepole na kuyachachisha. Mwanga na joto huharakisha kitendo hicho. Biskuti hutoa harufu ya mafuta ya zamani na kuacha uchungu mdomoni, hata kama bado ni kavu.

(c) Harufu ngeni na wadudu. Mafuta hushika harufu kwa urahisi. Usiweke biskuti karibu na vitunguu, sabuni au mafuta ya taa. Sisimizi nao hufuata sukari.

Hatua za kuhifadhi na sababu zake

1. Poza biskuti kabisa kwenye waya wa kupozea. Biskuti ya moto hutoa mvuke. Ukiifunika, mvuke hugonga kifuniko, hupoa, hugeuka matone ya maji na kurudi kwenye biskuti.

2. Tumia chombo safi, kikavu, kisichopitisha hewa, kama bati la biskuti au mtungi wenye kifuniko kinachobana. Hapo unazuia unyevu, hewa mpya na wadudu kwa pamoja.

3. Panga kwa tabaka na weka karatasi ya kuokea kati ya tabaka moja na jingine, zisigandamane wala kuvunjika.

4. Usichanganye biskuti kavu na keki au biskuti zenye jamu. Maji hutoka kwenye kitu chenye unyevu mwingi na kuingia kwenye kikavu, hivyo zile kavu hulainika.

5. Weka chombo mahali pa baridi pasipo na mwanga, mbali na jiko na dirisha la jua.

Ukifuata hatua hizi, biskuti kavu zisizo na krimu wala jamu hukaa vizuri wiki 2 hadi 3.

Zikiharibika, zinarekebishika?

Biskuti iliyolainika tu, isiyo na kuvu, irudishe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 5 hivi, kisha uipoze kabisa. Joto hufukuza maji iliyoyavuta. Lakini mafuta yaliyochacha hayarudi kuwa mazima, na biskuti yenye kuvu hutupwa. Watahiniwa wengi huchanganya kulainika na kuchacha, wewe vitenganishe.

Mfano wa swali

Eleza kwa nini mkate ulioachwa wazi hukauka, ilhali biskuti iliyoachwa wazi hulainika. (Alama 4)

Jibu: Mkate una maji mengi (alama 1), hivyo huyapoteza hewani na kukauka (alama 1). Biskuti ina maji machache sana (alama 1), hivyo huvuta unyevu wa hewani na kulainika (alama 1).

Angalia: kila upande wa jibu una hali na matokeo yake. Ukiandika matokeo peke yake, umepata nusu ya alama.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayoharibu biskuti na ueleze jinsi kila moja linavyofanya kazi.
2. Kwa nini biskuti haifungwi ikiwa ya moto?
3. Jirani yako anaoka biskuti za kuuza Krismasi na huziweka kwenye mitungi ya kioo juani dirishani ili wateja wazione. Mshauri, ukitoa sababu mbili.